Ghorofa Ishirini, Bomba Lile Lile

Ubao umetundikwa kwenye ua wa mabati jirani na kwetu hapa Kileleshwa, Nairobi. Unatangaza ghorofa 20, nyumba 160, maegesho chini ya ardhi na bwawa la kuogelea. Kiwanja chenyewe ni nusu ekari. Miaka yote palikuwa na nyumba moja ya vigae, familia moja na mparachichi uliokuwa ukitudondoshea matunda upande wetu.

Majirani walipousoma ubao huo, malalamiko ya kwanza yalikuwa ya kivuli: jua la kuanikia nguo litatoka wapi, na nani atakuwa akituchungulia madirishani. Ni malalamiko ya haki. Lakini mimi nimekaa katika kamati ya wakazi muda wa kutosha kujua kwamba maafisa huyasikiliza kwa adabu kisha huyaweka kando. Jambo lisilowekwa kando kwa urahisi liko chini ya barabara.

Maji taka ya mtaa wetu hayasukumwi na pampu. Yanateremka yenyewe kutoka mgongo wa kilima hadi bondeni, kunakopita mito ya Kirichwa Kubwa na Kirichwa Ndogo, kisha yanafuata mabomba makuu kuelekea mashariki, hadi kwenye mabwawa ya kusafishia ya Dandora yaliyoko Ruai. Bomba la namna hii hupimwa kwa idadi ya watu waliotarajiwa wakati linapolazwa, na halitakiwi kujaa, kwa sababu juu ya maji lazima ibaki nafasi ya hewa. Likijaa, maji hurudi nyuma na kutafuta tundu la kutokea. Tundu hilo huwa ni shimo la ukaguzi wa bomba lililo chini kuliko mengine yote. Ndiyo maana anayeishi ghorofa ya 18 hatajua kitu, na mama mwenye kibanda cha mboga mwisho wa mteremko ndiye atakayeruka kinyesi akifungua biashara asubuhi.

Nilisimama na fundi wa mabomba siku mfuniko wa shimo la barabara yetu ulipoinuliwa na maji. Alichomeka fito zake, akazizungusha, akazitoa safi. Hapakuwa na tambara wala mafuta yaliyoganda. "Mama, hapa hakujaziba," akaniambia. "Bomba limeshiba tu. Ni saa moja asubuhi, kila mtu anaoga."

Tupige hesabu pamoja. Nyumba 160, kila moja na watu watatu, ni watu 480. Kila mmoja akitumia lita 100 kwa siku, hizo ni lita 48,000. Familia ya watu sita iliyokuwa pale, kwa kipimo hicho hicho, ilitumia lita 600. Kiwanja kimoja kimezidisha mzigo wake mara 80, na sehemu kubwa ya maji hayo itaishia kwenye bomba lile lile. Wapo wanaojituliza kwamba Nairobi maji ni ya mgao, kwa hiyo hayatatumika mengi. Lakini maghorofa kama haya huwa na visima vyake na hununua maji ya boza. Yakishaingia bafuni hayaulizwi yalitoka wapi. Mvua za Machi hadi Mei zikifika, wapo pia wanaounganisha mifereji ya mapaa kwenye bomba la maji taka kwa siri, na hapo ndipo barabara hugeuka kijito.

Wapangaji wa jiji walilijua hili. Mwongozo wa ujenzi wa Nairobi wa mwaka 2004 uliweka kikomo cha ghorofa nne kwa Kileleshwa na Kilimani, na hata hizo nne ziliruhusiwa tu mahali penye bomba la maji taka. Waliofikiri hivyo walifunga urefu wa nyumba na uwezo wa bomba katika fundo moja. Leo, kwa vitendo, urefu umefunguliwa. Tangu nihamie hapa, sijaona bomba la barabara yetu likifukuliwa na kuwekwa kubwa zaidi.

Barabara nayo ni ile ile. Tuseme kila nyumba ina gari moja, na nusu ya magari hayo yanataka kutoka kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na nusu asubuhi. Ni magari 80 kwa saa moja kutoka lango moja, zaidi ya gari moja kila dakika, kwenye barabara isiyo na njia ya miguu, ambayo watoto wa shule huigawana na bodaboda. Na hilo ni lango moja tu. Kwenye barabara yetu kuna mabango mengine kama hilo.

Hapo ndipo penye kosa kubwa, nami nalisema kwa uchungu. Kila mradi hupimwa peke yake. Katika ripoti ya athari za mazingira ya mradi wa jirani yetu, suala la maji taka lilimalizwa kwa sentensi moja: jengo litaunganishwa na bomba la umma lililo karibu. Jengo linalofuata litaandika hivyo hivyo, na la tatu pia. Hakuna anayejumlisha.

Mimi sipingi nyumba. Ninaishi kwenye ghorofa, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 katika jiji hili. Lazima walale mahali. Ninachotaka ni bomba na barabara vitangulie, na mwenye kupata faida achangie gharama.

Sheria haijatuacha mikono mitupu. Kifungu cha 42 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, na kifungu cha 70 kinasema anayekwenda mahakamani kuitetea halazimiki kuonyesha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Wakazi wa Rhapta Road, Westlands, walifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi kwa sababu ya maghorofa. Kuna pia Jopo la Kitaifa la Mazingira, ambako rufaa huwasilishwa ndani ya siku 60. Muda huo hupita haraka kwa watu wanaolalamikia ngazini tu.

Kwa hiyo, ukiona ubao kwenye ua mtaani kwako, upige picha siku hiyo hiyo, tarehe ionekane. Andikieni kaunti na mamlaka ya mazingira, NEMA, mkiwa kundi, na mwulize mambo mawili: bomba letu linabeba lita ngapi kwa saa ya msongamano, na miradi yote iliyoidhinishwa kwenye barabara hii ikijumlishwa italeta ngapi? Dai nakala ya barua hiyo iliyopigwa muhuri, na uihifadhi.