Mama mdogo aigomea benki ya kupangusa!

Huku kwetu Sumbawanga baridi ni ile ile, ya kuvaa makoti mawili na meno bado yanagongana. Lakini wiki hii sina habari ya baridi. Nina kisa kilichonikuta mimi mwenyewe, na nikikikumbuka jasho linanitoka, baridi au si baridi.

Ninaye mama mdogo anayeuza maharage pale Mazwi. Ni mwanamke wa kazi hasa. Akianza kujumlisha madebe kichwani, mimi niliyemaliza kidato cha nne nabaki nahesabu vidole. Ana akaunti katika benki moja hapa mjini, jina naliweka kapuni, na ana simu ya vitufe, ile tunayoiita kiswaswadu. Ina tochi, chaji inakaa siku nne, na imefungwa raba kiunoni ili betri isidondoke.

Kila akitaka kuangalia salio, mama mdogo anafunga biashara, anajitanda kanga, huyo benki! Nusu siku imekwenda. Siku moja nikamwambia, "Mama mdogo, mambo ya foleni yamepitwa na wakati. Siku hizi benki iko kwenye simu. Unaweka programu, unapangusa, basi."

Akaniangalia kama anayeangalia maharage yaliyotobolewa na wadudu. "Mwanangu, hela yangu naitaka mahali ambapo ikipotea, kuna mtu wa kugombana naye."

Msomaji, usije ukamdhania ni mshamba. M-Pesa ilipoingia nchini mwaka 2008, yeye alikuwa wa mwanzo mwanzo mtaani kwetu. Kabla ya hapo, hela ya mtoto aliyeko Mbeya ilikuwa inakwenda kwa bahasha mkononi mwa kondakta, na mtu unalala unaomba Mungu kondakta naye awe na watoto. Mama mdogo anaijua nyota, mia na hamsini, nyota, mpaka reli, bila kutazama. Benki nazo zina menyu za namna hiyo, kama NMB kwa *150*66# na CRDB kwa *150*03#, na hazihitaji bando wala simu ya bei mbaya.

Anachokataa yeye ni programu. Na sababu zake anazo. Bando linaisha kabla ya shida. Maandishi madogo. Simu ya kupangusa ni mali, mwizi akiiona anaitamani. Tena amesikia vilio vya watu waliokopa kupitia programu za simu, wakichelewa kulipa, mpaka shemeji na mchungaji wanatumiwa ujumbe wa kuwaaibisha. Hilo si uzushi. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majina ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha watu bila leseni. Sasa utamlaumu mama wa watu akiona programu zote ni za mama mmoja?

Maswali kama polisi

Basi bwana, ikatokea mdogo wangu, mtoto wake, anatakiwa kulipa ada chuoni, na siku yenyewe ni ya mnada. Kuacha biashara hawezi. Nikapata upenyo. Tukachomoa laini yake kwenye kiswaswadu, tukaichomeka kwenye simu yangu, maana programu ya benki inataka laini ile ile iliyoandikishwa kwenye akaunti.

Hapo ndipo maswali yalipoanza. Namba ya akaunti. Tarehe ya kuzaliwa. Namba ya NIDA. Kisha ukaingia ujumbe wenye namba sita za uhakiki, nazo zinatakiwa haraka kabla muda haujaisha. Kisha tunga namba ya siri. Irudie. Kisha je, unataka kufungua kwa alama ya kidole?

"Hii ni benki au mahabusu?" mama mdogo akauliza. "Vidole si tulivitoa wakati wa kusajili laini?" Ni kweli. Usajili wa laini kwa alama za vidole ulianza 2019, na siku ya mwisho ikasogezwa mpaka Januari 20, 2020. Foleni zile nani amezisahau?

Nikamweleza kitaalamu kwamba hiki cha sasa ni tofauti, kidole kinatunzwa ndani ya simu, na simu yenyewe ndiyo inayokitambua. Akafikiri kidogo.

"Kwa hiyo simu yako, kidole chako, hela yangu?"

Nilicheka, lakini jibu sikuwa nalo. Tukaacha kidole. Namba ya siri akaibonyeza mwenyewe, simu ameifunika kwa kanga. Ada ikaenda. Nikatamba mtaa mzima.

Laki sita na arobaini

Laini yake ikabaki kwenye simu yangu. Siku ya nne, Jumamosi asubuhi, niko naye Mazwi namsaidia kupepeta. Simu ikaita kwenye laini yake. Sauti nzuri, ya kipole, ya mtu aliyekaa ofisini.

"Naongea na simu ya mama..." Akataja majina yote matatu ya mama mdogo! "Tunapiga kutoka makao makuu. Programu yako mpya haijakamilika kuhakikiwa. Saa nane mchana akaunti inafungwa. Umepata ujumbe wenye namba sita?"

Kweli, ujumbe ukaingia pale pale, tena kwa jina la benki. Akilini mwangu nikaona shilingi laki sita na arobaini za mama mdogo zinafungiwa kwa uzembe wangu. Mimi mtaalamu nikaanza kusoma. "Nne... moja... saba..."

"Unamsomea nani?" mama mdogo akauliza, debe mkononi.

"Watu wa benki. Wanataka namba za uhakiki."

"Aliyezituma nani?"

"Benki."

"Sasa kama wamezituma wao, wanaziuliza za nini?"

Jamani! Ulimi ulinikauka. Mama mdogo akainyakua simu. "Baba, mimi niko hapa Mazwi kwenye maharage. Njoo nikusomee zote."

Simu ikakatwa. Tukadandia bodaboda moja wote watatu na dereva mpaka benki, kabla hawajafunga. Hela ilikuwepo. Tukabadilisha namba ya siri, na dada wa dirishani akanipa somo ambalo nakupa na wewe bure.

Mwizi alikuwa anajaribu kufungua akaunti ya mama mdogo kwenye simu yake. Benki, kwa kutomjua, ikatuma namba za uhakiki kwenye laini ya mwenye mali ili kuuliza, je, huyu ni wewe? Mimi ningezimaliza zile sita, ningekuwa nimejibu kwa mdomo wangu kwamba ndiyo, yule mwizi ndiye mama mdogo. Baada ya hapo angeomba na namba ya siri, kazi ikaisha. Maswali yote yale yaliyotuudhi siku ya kwanza ndiyo mlango wenyewe. Mwizi havunji mlango, anakuomba wewe umfungulie.

Na majina matatu je? Rahisi mno. Mtu akijaribu kukutumia hela kwa simu, jina lako linamtokea kabla hajathibitisha. Limewekwa ili tusikosee namba, lakini tapeli naye analisoma. Kwa hiyo mtu kulijua jina lako si ushahidi wa chochote.

Aibu ya nyumbani

Sasa hapa pananiuma kidogo. Wazee wanatuambia kwamba jina Sumbawanga kwa Kifipa maana yake ni tupa uchawi. Wachawi sijui kama waliisha, ila matapeli wa simu tunao. Katika taarifa za robo mwaka za TCRA za 2023 na 2024, mkoa wetu wa Rukwa umetajwa tena na tena kati ya mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai wa simu, sisi na Morogoro. Zile meseji za "ile hela itume kwenye namba hii", msomaji wa Dar, huenda zinaandikwa na kijana ninayepishana naye. Ndiyo maana ukisema unatoka Rukwa watu wanashika mifuko. Mkulima wa mahindi anayelima kwa jasho kule Laela au Matai ana kosa gani?

Mwaka 2024 ilikuja kampeni ya "Sitapeliki", na namba ya kupeleka taarifa za tapeli ni 15040. Ukibonyeza *106# unaona laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Fanya leo, usije ukakuta una ukoo wa laini usioujua! Na programu ya benki ichukue kwenye duka la programu la simu yako, au nenda tawini wakuwekee, siyo kwa kiungo ulichotumiwa WhatsApp.

Mama mdogo amerudisha laini kwenye kiswaswadu. Akatangaza ushindi. Lakini na mimi nilikuwa na langu. Nilimuuliza, "Ukienda kwa wakala, menyu unabonyeza mwenyewe?" Kimya. Kumbe miaka yote, kwa sababu ya macho, anampa kijana wa wakala simu na kumtajia namba ya siri kwa sauti, foleni nzima inasikia! Nikamwambia, "Mama mdogo, hiyo si sawa na mimi kusoma nne, moja, saba?" Akaendelea kupepeta. Jioni akaniita nimwonyeshe jinsi ya kubadili namba ya siri, akanigeuzia mgongo wakati wa kuiandika.

Sasa tumekubaliana hivi. Atanunua simu yake ya kupangusa mavuno yakiuzika, yenye kidole chake mwenyewe. Mpaka hapo ni nyota na reli, na miwani anakwenda kupimwa hospitali wiki hii. Nauli natoa mimi. Ni faini ya zile tarakimu tatu.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Na wewe unayepiga ukijiita makao makuu, mama mdogo bado anakusubiri Mazwi.