Kompyuta inavyoshuka Mlima Elgon kwenye ukungu

Ukiwa Kitale ama Bungoma, inua macho utauona Mlima Elgon. Sasa jione umeachwa huko juu, mita 4,000 na ushee, ukungu umetanda, simu imezima, na unatakiwa ufike mahali pa chini kabisa. Huoni mbele. Unachoweza ni kupapasa kwa mguu: ardhi inainama wapi? Unapiga hatua, unapapasa tena.

Modeli ya kompyuta hufunzwa hivyo hivyo. Chukua viwavi jeshi, waliovamia mahindi ya magharibi mwa Kenya mwaka 2017. Unataka programu itazame picha ya jani na kusema kama limeshambuliwa. Kimo cha mlima ni makosa yake. Kushuka ni kuyapunguza.

Shida ni kwamba kupitia picha zote kabla ya kila hatua kutaichosha laptopu yako. Kwa hivyo zinaokotwa chache bila mpangilio, tuseme 32, mwelekeo unakadiriwa, hatua inapigwa. Mzizi wa wazo hili ni kazi ya Herbert Robbins na Sutton Monro ya mwaka 1951. Njia inakuwa ya kuyumbayumba kama ya mlevi, lakini hapo ndipo penye utamu: kuyumba huko kunaweza kukutoa shimoni.

Maana mashimo yapo. Juu ya Elgon kuna kreta pana. Ukitumbukia humo unaona kuta tu, unadhani umefika, kumbe Bungoma iko chini mbali sana. Lakini mto Suam hutoka humo humo kwa kupenya korongo. Modeli kubwa ina mamilioni ya pande za kugeukia, na watafiti walitoa hoja mwaka 2014 kwamba panapoonekana mwisho, mara nyingi pana upenyo kama huo.

Ukijaribu mwenyewe, usianze mara moja tu. Anza hata mara tano, kila mara sehemu tofauti. Hatua ziwe kubwa mwanzoni, kisha uzipunguze. Zikizidi utaruka bonde lenyewe.

Kinachoniudhi ni kushangilia mapema. Picha zote zikitoka shamba moja la Kitale, tena za asubuhi, umepata bonde la Kitale tu. Mkulima wa Bungoma, mwenye mahindi kando ya miwa, anaweza kuambiwa mimea yake ni mizima. Ataamini, hatapuliza dawa, na kiwavi akishajichimbia moyoni mwa mhindi ni vigumu dawa kumfikia. Tenga picha za Bungoma ambazo modeli haijawahi kuziona, uipime kwazo kabla hujampa mtu yeyote.