Je, Wajua? Kamba, Mnyongaji na Walioponea Chupuchupu

Je, wajua kwamba rais aliyeifuta adhabu ya kifo nchini Zimbabwe aliwahi kuhukumiwa kunyongwa yeye mwenyewe? Naam! Miaka ya 1960 Emmerson Mnangagwa alitiwa hatiani kwa kulipua treni, akaponea kwa sababu ya umri mdogo. Desemba 31, 2024 sheria ya kukifuta kitanzi ikawa tayari na saini yake.

Na Mandela? Mwaka 1964 alisimama kizimbani Pretoria akijua fika kwamba anaweza kunyongwa. Mwaka 1995, yeye akiwa rais, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilitamka kuwa kunyonga wauaji ni kuvunja katiba. Majaji walikuwa 11, na wote 11 walikubaliana!

Sasa msikie mnyongaji. Albert Pierrepoint wa Uingereza alinyonga watu zaidi ya 400. Mwaka 1974 akaandika kitabu, akasema haamini kwamba hata kifo kimoja kati ya hivyo kilizuia mauaji mengine. Mtu wa kamba mwenyewe ndiye anasema!

Subiri, hayo si yote. Mwaka 1950 Pierrepoint alimnyonga Timothy Evans, aliyedaiwa kumuua bintiye mchanga. Shahidi mkuu wa mashtaka alikuwa John Christie, mpangaji wa nyumba aliyoishi Evans. Miaka mitatu baadaye maiti za wanawake zikakutwa kwa Christie, naye akanyongwa, na Pierrepoint yule yule! Evans alipewa msamaha mwaka 1966, miaka 16 baada ya kufa. Niambie, msamaha huo angeupokea nani?

Uganda walipata bahati kidogo. Mwanamume mmoja alihukumiwa kunyongwa mwaka 1982 kwa mauaji. Aliyedaiwa kuuawa alikuwa hai, anatembea! Hata hivyo mfungwa huyo alikaa ndani hadi mwaka 2000.

Japani je? Iwao Hakamada alihukumiwa kifo mwaka 1968. Huko mfungwa huambiwa asubuhi ile ile ya kunyongwa, kwa hiyo piga hesabu ni asubuhi ngapi mzee huyu aliamka akisikiliza nyayo mlangoni. Aliachiwa mwaka 2014, akasafishwa jina mwaka 2024, akiwa na miaka 88.

Marekani, tangu mwaka 1973, watu wasiopungua 200 waliohukumiwa kifo wamefutiwa hatia. Mia mbili!

Tukigusa pesa, shika kiti. Utafiti wa mwaka 2011 ulikuta kuwa jimbo la California lilikuwa limetumia takriban dola bilioni 4 kwa adhabu ya kifo tangu mwaka 1978. Waliouawa kwa hukumu hiyo? Watu 13 tu.

Rudi nyumbani kidogo. Wajua kwamba Waingereza waliwanyonga Wakenya zaidi ya 1,000 wakati wa vita vya Mau Mau? Wengi hawakuwa wameua mtu; kukutwa na risasi kulitosha. Kiongozi wa Mau Mau, Dedan Kimathi, alinyongwa gereza la Kamiti, Februari 18, 1957.

Na Susan Kigula wa Uganda, huyu ananifurahisha kuliko wote! Akiwa anasubiri kunyongwa alifungua kesi pamoja na wenzake 417, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ikasema jaji asilazimishwe kutoa hukumu ya kifo. Akasomea sheria kupitia Chuo Kikuu cha London humo humo gerezani. Mwaka 2016 akatoka huru.

Mwaka 1977 nchi zilizofuta kabisa adhabu hii zilikuwa 16. Mwisho wa 2024 zilikuwa 113! Rwanda na Burundi zimo. Tanzania na Kenya bado, ingawa mwaka 2019 mahakama ya Afrika pale Arusha iliitaka Tanzania iondoe hukumu ya lazima ya kifo kwenye sheria zake.

Swali la kumtega jirani yako: kitanzi kilitumika lini kwa mara ya mwisho? Tanzania, 1994. Kenya, 1987.