Vipuri vya umeme wa gari: Hakiki kabla havijavuka bahari

MMILIKI wa gari kisiwani Pemba anayeagiza alternata au stata kutoka Unguja au Dar es Salaam huipokea bandarini, ilhali muuzaji yuko ng'ambo ya bahari. Ikibainika kuwa ni bandia, kuirejesha ni gharama nyingine na siku nyingine bila ya gari.

Kwa hiyo uhakiki hutakiwa kabla ya kulipa. Oda itaje namba iliyoandikwa kwenye kipuri cha zamani, kwani magari ya jina moja huweza kutumia alternata tofauti. Hata hivyo, wenye kughushi huinakili namba hiyo. Kinga ya mnunuzi ni risiti inayotaja kipuri na muda wa dhamana.

Baada ya kufungwa alternata, fundi apime betri injini ikiunguruma. Kwa magari mengi ya volti 12, kipimo huwa takriban volti 13.8 hadi 14.5. Kikipungua sana betri haijai, kikizidi huharibika.

Hatari kubwa zaidi imo katika kipuri cha bei ndogo: fyuzi. Isipokatika kwa wakati, waya hupata moto na gari huweza kuteketea.