Gari linalala sana wakati wa baridi? Hivi ndivyo betri inavyokufa

Mkenya au Mtanzania akihamia Minnesota, wenyeji humshauri kuhusu koti na buti. Habari za betri anajifunza mwenyewe asubuhi moja ya Januari, akiwasha gari lililokaa wiki mbili na kusikia "tik, tik" tu.

Shida ni hii. Baridi inapunguza kasi ya kemikali ndani ya betri. Ikifika nyuzi -18 za Selsiasi, betri inaweza kubaki na kama asilimia 40 tu ya nguvu yake ya kuwasha. Wakati huohuo oili imekuwa nzito, injini inataka nguvu zaidi kuzunguka. Na hata gari likiwa limezimwa, alamu na kompyuta zake zinaendelea kunyonya umeme kidogokidogo.

Wengi huwasha gari dakika kumi likiwa limesimama, wakaridhika. Hapo unajidanganya. Kule kuwasha kumekula umeme mwingi, na injini ikiunguruma polepole huku hita na taa zinafanya kazi, hairudishi wote. Afadhali uliendeshe nusu saa hivi barabara kuu, kila wiki.

Huna safari? Nunua chaja ndogo, ile inayojipunguza yenyewe betri ikijaa, uichomeke na kuiacha. Kwangu mimi hiyo ina faida kuliko kukimbilia betri ya bei kali. Kama unakaa ghorofani na maegesho hayana soketi, fungua waya wa hasi kwanza, kisha wa chanya, uihifadhi betri ndani ikiwa imejaa.

Ukiipima, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6. Ikishuka chini ya 12.4, ichaji mapema, kwa sababu betri tupu huganda kwenye baridi ambayo iliyojaa inaivumilia bila shida. Ikishaganda au kuvimba, usiunganishe waya wa gari la jirani hata kama una haraka ya kazi. Inaweza kupasuka na kukurushia asidi.

Ukinunua mpya, tafuta namba ya CCA, yaani nguvu ya kuwasha kwenye baridi. Isiwe chini ya ile ya kitabu cha gari. Soma pia tarehe ya kutengenezwa, maana betri huchoka hata rafuni. Na kama gari lilikuja na betri ya AGM, rudishia AGM, muuzaji aseme atakavyo.