Kimea, Kipupwe na Mbina: Dhana ya "Pombe ya Kienyeji" Usukumani

Istilahi "pombe ya kienyeji" huainisha kinywaji kwa mahali kinakotoka tu. Kwa mtafiti wa utamaduni wa Shinyanga na Geita, istilahi hiyo inaficha jambo la msingi, yaani majira.

Neno kimea, linalotokana na kitenzi mea, linafaa zaidi. Mtama au uwele huloweshwa, huachwa uchipue, hukaushwa na kusagwa. Unga wake ukitiwa katika uji, hugeuza wanga kuwa sukari, ndipo chachu ifanye kazi yake. Pombe hiyo huharibika baada ya siku chache, hivyo hupikwa kwa shughuli maalumu, ghala zikiwa zimejaa. Mashindano ya mbina, yaani ngoma, baina ya Bagika na Bagalu huangukia miezi hiyo hiyo ya kipupwe, baada ya mavuno. Vyama hivyo hucheza kwa wakati mmoja, na mshindi ni kile kilichovuta watazamaji wengi zaidi. Umati huhukumu kwa miguu. Hata Bulabo ya Bujora, karibu na Mwanza, iliyofungamanishwa na sikukuu ya Kikristo ya Ekaristi, huchezwa mwezi Juni.

Machimboni Geita hali ni tofauti. Dhahabu haina msimu wa mavuno, na nafaka ya kununuliwa hupikwa mwezi wowote. Kinywaji ni kile kile. Kilichoondoka ni sababu ya kukusanyika.

Tunapendekeza basi "pombe ya kimea" iwe jina la jumla, likijumuisha hata bia ya shayiri ya kiwandani, na "pombe ya mavuno" iwe ile ya mbina. "Kienyeji" na kuachiwe lugha ya leseni.