Je, Wajua? Chokaa, Saruji na Majengo ya Kale ya Kilwa

Je, wajua kwamba saruji, ambayo wengi huiona kuwa ndiyo imara zaidi, yaweza kuharibu jengo la kale kuliko mvua? Kuta za majengo ya Kilwa Kisiwani, zikiwemo za Msikiti Mkuu ulioanza kujengwa katika karne ya 11 na kupanuliwa katika karne ya 14, zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, yaani unga unaopatikana kwa kuchoma matumbawe kwenye tanuri la kuni, kisha kuyazimua kwa maji. Chokaa hupitisha unyevu na kuuacha ukauke, ilhali saruji huuzuia ndani pamoja na chumvi ya bahari, hata jiwe likamomonyoka. Ndiyo maana ukarabati wa magofu hayo, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981, yakatajwa kuwa hatarini mwaka 2004 na kuondolewa katika hatari hiyo mwaka 2014, hutegemea ufundi huo wa kale wa chokaa.

Kanuni hiyo hiyo ya kutumia chokaa badala ya saruji huongoza ukarabati wa majengo yanayopewa kazi mpya ya elimu. Boma la Kale la Dar es Salaam, lililojengwa katika miaka ya 1860 zama za Sultani Majid wa Zanzibar kwa matumbawe na boriti za mikoko, leo ni kituo cha kujifunzia historia ya usanifu wa jiji hilo, ambamo kuta zenyewe ni sehemu ya somo.